Kufungulia Maji Desemba

Nyumba yangu ya kijijini huwa hai kwa wiki mbili tu katika mwaka. Miezi mingine yote hubaki imefungwa: vumbi hutanda madirishani, mbwa wa jirani hulala barazani, na maji hufungwa kwenye valvu iliyomo ndani ya kisanduku cha saruji kando ya lango. Msomaji anayetoka mkoa wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa. Kwa wengine nitasema kwa ufupi kwamba sisi ni watu tunaojenga mahali tusipoishi. Tunaishi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Dodoma, na baadhi yetu ng'ambo. Lakini nyumba iliyo bora kuliko zote tunaijenga kwenye kihamba, katikati ya migomba na kahawa, hatua chache kutoka kwenye makaburi ya wazazi. Tunaihangaikia mwaka mzima, kisha tunailalia siku kumi na nne.

Desemba iliyopita tulifika tarehe 21, saa nne usiku, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 500 nyuma ya msururu wa magari yaliyokuwa yakienda kule kule tulikokuwa tukienda sisi. Usiku ule tulinawa kwa maji ya chupa. Asubuhi na mapema nikavaa kaptula, nikachukua spana na brashi, nikaenda kufungulia maji.

Naikiri raha ninayoipata katika kazi hii. Kufungulia maji katika nyumba iliyolala si kuzungusha koki ukaondoka. Huanza na tanki: nililikuta na kina cha kiganja cha maji ya rangi ya chai, na mjusi aliyekufa chini yake. Nikalisugua, nikaliosha, nikamwaga uchafu migombani. Kisha nikafungua koki ya uani, iliyo chini kuliko zote, nikaiacha wazi kabisa, ndipo nikaenda kwenye valvu ya langoni na kuizungusha robo mzunguko, basi. Fundi alinifunza hivyo mwaka ambao kiungo cha bomba kilipasuka juu ya dari na dari ikatuangukia chumbani. Bomba lililokaa kavu limejaa hewa. Ukiyaachia maji kwa ghafula yataisukuma hewa ile kwa nguvu, na kishindo chake kitatafuta mahali palipo dhaifu. Ukiyaachia polepole, hewa hupata njia ya kutokea.

Bomba likakohoa. Likatema upepo, likatema maji mekundu ya kutu, likatema mashapo, likanyamaza, likakohoa tena. Baada ya robo saa hivi maji yakaja meupe kwa povu, kisha yakawa maangavu. Koki ya bafuni haikutoa kitu, kwa kuwa manyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo mdomoni mwake. Nikakichokoa kwa msumari. Ya jikoni ilivuja shingoni kwa sababu mpira wake ulikuwa umekauka na kukakamaa. Nilipomaliza hayo nikafunga koki zote na kwenda kuitazama dira. Kigurudumu chake kidogo kilikuwa bado kinazunguka. Maji yalikuwa yakienda mahali. Nikatambaa na tochi hadi nikakuta mahali panya walipotafuna bomba la plastiki nyuma ya sinki. Nikakata, nikaunga, nikarudi kwenye dira. Kigurudumu kilikuwa kimesimama tuli. Sidhani kama kazi yangu ya chuo kikuu imewahi kunipa ushahidi ulio wazi namna hiyo kwamba nilikuwa na kosa na sasa nimelirekebisha.

Ilikuwa imefika saa tano. Nikafungua njia ya tanki, tanki la lita 5,000 lililo juu ya jukwaa fupi la zege nyuma ya jiko, nikaketi barazani na kikombe cha kahawa. Maji yakawa yanaanguka ndani ya tanki kwa sauti nzito, na mimi nikajiona mwenye nyumba.

Jioni alikuja mama mdogo. Ni mdogo wake marehemu mama yangu, mjane, anaishi na wajukuu wawili kwenye kihamba cha zamani kilicho juu yetu, mgongoni mwa kilima, mahali gari haliwezi kufika. Alikuwa ameshika ndoo yenye mfuniko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmefika salama? Watoto hawajambo?" Akasubiri nimjibu yote mawili. "Nimekuja unigawie maji."

Nikadhani koki yake imeharibika. Nikamwambia nitapanda naye na spana sasa hivi, nilikuwa bado na hamu ya ufundi.

"Koki haina ubaya," alisema. "Maji yalikuwepo hadi leo asubuhi. Wewe ulifungulia saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Ndiyo saa hiyo hiyo. Yangu ilivuta hewa, ikanyamaza." Akaiweka ndoo chini ya koki yangu ya uani. "Kila Desemba ni hivi. Mkija, maji yanaondoka. Mkiondoka, yanarudi. Tumeshazoea."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anavyosema kwamba vuli imechelewa. Ndoo ilipojaa aliniuliza matokeo ya mitihani ya binti yangu, akajitwisha, akapanda kilima.

Usiku ule sikuweza kuisikia sauti ya tanki kama nilivyoisikia mchana. Nilitoka nikafunga njia yake, kisha nikakaa nikiwaza jambo ambalo mtu wa kwetu alipaswa kulijua tangu zamani.

Sisi tumelelewa na mfongo. Mfongo ni mfereji wa asili unaochota maji ya kijito huko juu, kwenye ukingo wa msitu, na kuyatelemsha kwa kufuata mgongo wa mlima hadi vihambani. Na niseme hapa, kwa kuwa wageni wengi hudhani maji yetu ni barafu ya Kibo iliyoyeyuka: sehemu kubwa ya maji hayo hutokana na mvua na ukungu wa ule msitu. Katika mfongo, aliye juu ndiye mwenye uwezo wa kumdhulumu aliye chini. Akifungulia kwake wakati si zamu yake, wa chini hupata tope. Ndiyo maana sheria zote za mfongo nilizozisikia utotoni zilikuwa sheria za kumzuia mtu wa juu.

Bomba limeligeuza jambo hilo, na sisi hatukuligeuza fikra. Mradi wetu ni wa maji ya mserereko: yanatoka kwenye chanzo, yanaingia kwenye tanki kuu, kisha yanashuka kwa uzito wake yenyewe. Ndani ya bomba, walio chini wakifungua kwa pamoja, maji hukimbilia kwao na msukumo hupungua, na wa kwanza kukauka ni aliye mahali pa juu. Mama mdogo yuko juu. Mimi niko chini, karibu na barabara, kwa sababu nilipojenga nilitaka gari lifike hadi mlangoni. Na si mimi peke yangu. Nyumba mpya takriban zote za tawi letu la bomba ziko chini, kando ya barabara, kwa sababu hiyo hiyo. Na watu wanaoishi kijijini Januari hadi Desemba wengi wao wako juu, kwenye vihamba vya zamani. Nilizihesabu kichwani nyumba zilizokuwa na taa usiku ule ambazo wiki iliyopita zilikuwa giza. Zilifika tisa. Kila moja ina tanki. Tanki langu pekee ni ndoo 250.

Bomba lile lilipolazwa, kwa nguvu za wanakijiji, hapakuwa na nyumba yenye tanki. Lilikusudiwa watu wa kuchota ndoo. Nalo halijui kwamba sisi tunakuja. Serikali nayo haijui: sensa ya 2022 ilimhesabu kila mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23, na usiku huo nyumba yangu haikulaza mtu. Mimi nilihesabiwa Dar es Salaam, na ni haki. Lakini mhandisi atakayechukua idadi ile ya Agosti na kuitumia kukokotoa upana wa bomba la kijiji chetu atalaza bomba linalotosha mwezi wa Agosti.

Sina budi sasa kukiri jambo linalonihusu zaidi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kikao cha Desemba, yalizungumzwa malipo ya maji. Wakati huo kila kaya iliyounganishwa ilitoa mchango ule ule kila mwezi, nyumba iwe wazi au imefungwa. Nilisimama nikapinga. Nilitumia sauti yangu ya darasani. Nilisema si haki kumtoza mtu maji ambayo hakuyanywa. Nikasema zifungwe dira, kila mtu alipe alichotumia, na huo ndio uwazi na uwajibikaji tunaoutaka kila siku kwa viongozi wetu. Nilipigiwa makofi. Nikikumbuka vizuri, makofi mengi yalitoka kwa wenye magari yaliyoegeshwa nje. Baadaye dira zilifungwa, mchango wa mwezi ukafutwa, nami nikajihesabu kuwa msomi aliyeisaidia jamii yake. Tangu hapo, miezi kumi na moja ya mwaka, ankara yangu husoma sifuri.

Lakini yupo kijana anayepanda hadi kwenye chanzo kila baada ya mvua kubwa kuzoa majani na matawi yasizibe chujio. Yapo mabomba yanayopasuka barabara inapochongwa. Yapo matengenezo ya tanki kuu, rangi, kufuli, vipuri. Gharama hizo hazipungui nikiwa Dar es Salaam. Zinalipwa kutokana na uniti zinazosomwa, na uniti zinazosomwa Machi na Julai na Septemba ni za wale waliopo. Kwa hesabu niliyoitetea kwa ufasaha mbele ya ukoo wangu, mjane anayechota ndoo nne kwa siku ndiye anayelipia bomba linalonisubiri mimi. Na nikifika, namkausha.

Wazee wa mfongo wasingekubali hesabu ile hata dakika moja. Kwao deni halikuwa maji. Deni lilikuwa mfongo wenyewe. Tarumbeta ilipolia kuitisha msaragambo wa kuzibua mfereji, kila mwenye kihamba alikwenda na jembe. Asiyeweza alimtuma mwanawe au alilipa faini, na asiyefanya hivyo alinyimwa zamu mpaka alipe. Sikumbuki kumsikia mtu akijitetea kwamba mwezi ule hakumwagilia. Angechekwa.

Nasema hivyo bila kuupamba mfongo kuliko ulivyokuwa. Wanawake hawakuruhusiwa kushiriki katika mambo yake, ingawa maji ya nyumbani yalikuwa juu ya vichwa vyao. Ukoo ulioanzisha mfereji ulijipendelea. Mama mdogo asingekuwa na sauti katika baraza lile, kama vile alivyokosa sauti katika kikao nilichopigiwa makofi.

Wanafunzi wangu wa semina ya sera za umma wanaifahamu historia ya jambo hili upande wa taifa. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo 1991. Mwaka 1991 ulifika kabla ya maji, na ukaja na Sera ya Maji iliyofungua mlango wa wananchi kuchangia gharama. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ikaenda mbele zaidi: jamii za vijijini zigharimie zenyewe uendeshaji na matengenezo. Sheria ya Huduma za Maji ya 2019 ikaunda RUWASA na kuviweka chini yake vyombo vya jamii vinavyotoa huduma. Nimeifundisha safari hiyo kwa miaka, na sikuwahi kumuuliza mwanafunzi swali dogo: jamii ni nani? Aliyelala kijijini Agosti, au aliyefungulia valvu Desemba?

Ukimtoza mtu kwa uniti peke yake, unayafanya maji kuwa kama sukari ya dukani: usiponunua, hudaiwi. Lakini duka la sukari halijengwi mlangoni mwako likakusubiri miezi kumi na moja. Mimi sikununua maji ule mwaka mzima. Nilichokuwa nacho ni uhakika kwamba nikifika saa nne usiku, kesho yake yatatoka. Uhakika huo una gharama, na mimi ndiye niliyekuwa nao bure.

Ndugu zangu watumishi mnaosoma hapa, najua mtaniambia dawa ni kurudisha tozo ya kila mwezi kwa wote. Sidhani. Tozo sawa kwa wote itamrudia mama mdogo vile vile, juu ya uniti anazolipa. Ninachoona kina haki ni kwamba dira inayosoma sifuri kwa miezi mitatu mfululizo ilipe kiwango cha kubakia kwenye mtandao, na nyumba yenye tanki kubwa ijulikane na ipangiwe saa za kujaza. Hilo linahitaji daftari na mtu wa kufuatilia; halihitaji mkopo wa kimataifa.

Saa za kujaza tulizijaribu wenyewe, kienyeji. Tarehe 23 nilizunguka kwenye zile nyumba zenye taa nikaomba tujaze matanki kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, mchana njia ya tanki ifungwe. Sita walikubali. Mmoja aliniambia tanki kalinunua kwa jasho lake na hakuna atakayempangia. Mwingine alikubali, na mchana wake nikasikia tanki lake likijaa nyuma ya ukuta. Wa tatu hakufungua lango.

Usiku huo nilikaa macho. Nilikuwa nimesahau kwamba marehemu baba naye alikuwa akiamka usiku wa manane zamu yake ilipoangukia saa hizo, akatoka na kandili na jembe, na sisi watoto tukaisikia miguu yake ikipita dirishani. Mimi nilikuwa na tochi ya simu na koti la mjini. Saa sita nikafungua robo mzunguko, nikasimama kwenye baridi nikisikiliza. Saa kumi nikafunga, tanki likiwa halijafika nusu. Kulipopambazuka mjukuu mkubwa wa mama mdogo alishuka mbio hadi uani.

"Shikamoo mjomba. Bibi anasema yapo, ila yanatoka membamba."

Kikao kilikuwa tarehe 28. Nilisimama tena, mahali pale pale, nikasema nilikosea na nikaeleza kwa nini. Kijana mmoja wa ukoo, mhasibu, akanikumbusha maneno yangu ya mwaka ule, neno kwa neno, kwa adabu zote. "Dokta, si wewe uliyetufundisha kwamba kila mtu alipe alichotumia?" Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Tulibishana hadi nyama ikapoa. Niliangalia nyuma, walikokaa wanaoishi kijijini mwaka mzima. Hawakusema kitu. Kikao chetu huitishwa Desemba, wakati ambao wao ni wachache. Hatimaye mwenyekiti akaahirisha hoja hadi Desemba ijayo.

Kabla ya kuondoka nilimpelekea mtunza hazina fedha kwa kadiri ya michango ambayo ningeilipa tangu dira zilipofungwa. Alizihesabu mara mbili, akafungua daftari, akaniuliza aandike nini, maana sikuwa na deni. Kila safu ya daftari lile ilidai idadi ya uniti. Tuliangaliana. Mwishowe akaandika pembeni, kwa penseli, "mwalimu, mengineyo."

Tarehe 3 Januari nilikuwa nafunga. Kufunga ni rahisi kuliko kufungulia: unamwaga tanki, unaacha koki wazi mabomba yakauke, unaziba mifereji panya wasipite. Mama mdogo alikuwa amekuja kutuaga na mkungu wa ndizi. Alinitazama nikiinamia kile kisanduku cha saruji.

"Hiyo ya langoni usiifunge," alisema. "Funga ya kuingilia ndani. Ya uani niachie."

Nilimuuliza kama maji kwake yangekuwa bado hayajarudi.

"Yatarudi. Lakini Januari na Februari ni kiangazi, kule juu hukatika hata msipokuwepo. Hapa kwako hayakatiki. Watoto watashuka kuchota."

Sikuwa nimejua. Miaka yote hiyo koki yangu ilikuwa na maji ya kiangazi nyuma ya valvu iliyofungwa, na wao wakiiona wanapopita njiani kwenda mtoni. Nilifunga ya ndani, nikaacha ya langoni wazi, nikampa ufunguo wa geti dogo la uani.

Ankara ya Februari iliingia kwenye simu nikiwa nasimamia jaribio la mwaka wa pili. Uniti 3. Ya Machi, masika yalipoanza, ilishuka hadi uniti 1.